Nasali nyumbani na wanangu. Je, nimeiacha imani?

BARUA

Mpendwa Mshauri,

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Kimara jijini Dar es Salaam, na nimezaliwa katika familia ya Kilutheri huko Machame, ambako marehemu babu yangu alikuwa mzee wa kanisa na mama yangu anaimba kwaya hadi leo. Nilibatizwa nikiwa mchanga, nikapata kipaimara, nikafunga ndoa kanisani, na kwa miaka yote tuliyokaa mjini nilikuwa miongoni mwa wale ambao mchungaji hakuwa na haja ya kuwauliza walikuwa wapi Jumapili. Nayaeleza haya ili usinidhanie kuwa nilikuwa natafuta kisingizio.

Miaka michache iliyopita usharika wetu ulianza kujenga kanisa jipya, na kila kaya ikaandika ahadi. Wakati huo duka langu la vitenge lilikuwa linakwenda vizuri, kwa hiyo niliandika kiasi nilichokuwa na hakika nacho. Baadaye biashara ikayumba, mkataba wa kazi wa mume wangu haukuongezwa, na tukabaki tunapigania ada za shule na kodi ya nyumba. Nilimwendea mzee wa kanisa wa jumuiya yetu nikamweleza hali ilivyo, naye akanielewa, au hivyo ndivyo nilivyodhani. Jumapili moja baada ya Pasaka ya mwaka jana, wakati wa matangazo, yakasomwa majina ya washarika ambao hawajakamilisha ahadi zao, kila jina na kiasi linachodaiwa. Jina langu lilikuwamo. Mwanangu wa kwanza, ambaye sasa ana miaka 13, alikuwa ameketi kando yangu. Hakuniuliza kitu njia nzima ya kurudi nyumbani, na ingekuwa afadhali angeniuliza.

Tangu siku hiyo sijarudi. Wiki za mwanzo nilikuwa na hasira tu, lakini baadaye nikaanza kuketi na watoto sebuleni Jumapili asubuhi. Tunaimba nyimbo mbili tatu, tunasoma sura moja ya Biblia, kila mmoja anaomba kwa maneno yake, na wakati mwingine tunasikiliza mahubiri kwenye simu. Nitakuambia ukweli ambao sijamwambia mama yangu: ninamsikia Mungu pale sebuleni kuliko nilivyomsikia kanisani kwa miaka mingi. Kanisani nilikuwa nafikiria bahasha, nguo za watoto na ibada itatoka saa ngapi. Nyumbani mtoto wangu wa mwisho ameuliza kwa nini Mungu alimwacha Kaini aishi, na tukazungumza jambo hilo hadi chai ikapoa. Alipokuwa anakwenda shule ya Jumapili alikuwa anarudi na habari za biskuti.

Sasa nimezungukwa na maneno. Mama yangu analia kwenye simu na kuniuliza, "Ukifa utazikwa na nani?" Wifi yangu, ambaye ni Mkatoliki, ameniambia kwamba kukosa Misa ya Jumapili kwa makusudi ni dhambi kubwa, na kwamba hata sisi Walutheri tusijidanganye. Jirani yangu mwenye fremu ya karibu na yangu ananipongeza. Anasema makanisa yote ni biashara na kanisa la kweli ni moyo wa mtu, lakini pongezi zake hazinipi raha kama anavyotarajia. Mimi hujitetea kwa maneno ya Bwana katika Mathayo 18:20, kwamba walipo wawili watatu wamekusanyika kwa jina lake, naye yupo papo hapo katikati yao. Mimi na wanangu tu wanne. Je, hatutoshi?

Jambo linalonifanya nikuandikie sasa ni kwamba mwanangu anatakiwa kuanza mafundisho ya kipaimara mwezi Januari, na nimesikia kwamba watoto wa wazazi ambao si washarika hai huwekewa vikwazo. Naomba unijibu bila kunionea haya: je, ni lazima Mkristo aende kanisani ili aishi imani yake?

Mama wa Watatu, Kimara

JIBU

Amina, dada yangu. Hujaiacha imani, na mtu anayekuambia kwamba umeiacha kwa sababu tu hujaonekana kwenye benchi tangu Pasaka ya mwaka jana anasema jambo ambalo hata kanisa lako lenyewe halifundishi. Chukua Katekisimo Ndogo ya Martin Luther ya mwaka 1529, ile uliyoikariri darasani na ambayo mwanao ataikariri muda si mrefu ujao. Maelezo ya amri ya tatu, inayohusu kuitakasa siku ya Bwana, hayataji jengo wala saa ya ibada. Yanatutaka tusilidharau Neno la Mungu na mahubiri yake, tulihesabu kuwa takatifu, na tupende kulisikia na kujifunza. Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka huohuo Luther anaeleza kwamba hakuna siku iliyo bora kuliko nyingine kwa asili yake, na kwamba Jumapili imeshikwa tangu zamani ili kuwe na utaratibu na watu wapate nafasi ya kukutana kulisikia Neno. Kinachoendelea sebuleni kwako, pamoja na lile swali la Kaini ambalo wahubiri wengi hulipita haraka, ni utii wa amri ile.

Tena mazingira huwazuia watu, nao hawaachi kuwa Wakristo. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, nyumba za ibada nchini Kenya zilifungwa mwezi Machi, na zilipofunguliwa Julai ziliruhusiwa kupokea watu wasiozidi 100 kwa ibada isiyozidi saa moja. Sikumsikia askofu yeyote akitangaza kwamba Wakristo wa Kenya walikuwa wamepoteza imani katika miezi ile.

Wifi yako amekueleza sheria ya kanisa lake, na ameieleza sawasawa. Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983, katika kanuni ya 1247, zinawawajibisha waamini kushiriki Misa siku ya Jumapili na sikukuu zilizoamriwa, na katekisimu yao inasema kwamba anayeiacha kwa makusudi, bila sababu nzito kama ugonjwa au malezi ya mtoto mchanga, anatenda dhambi kubwa. Lakini kanuni inayofuata inakiri kwamba zipo hali ambazo Misa haiwezekani, na inawapendekezea waamini wa hali hizo washiriki ibada ya Neno au wasali kwa muda wa kutosha, mtu peke yake au pamoja na jamaa yake. Mheshimu wifi yako, mwache ashike sheria yake kwa moyo mweupe, wala usijihukumu kwa kanuni ambazo kanisa lako halijakuwekea.

Ningeweza kuishia hapa, nawe ungefurahi, lakini umeniomba nisikuonee haya. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja nikitafuta jambo ambalo sikulikuta. Umetaja nyimbo, sura ya Biblia, maombi na mahubiri ya simu. Hukutaja Chakula cha Bwana. Inawezekana ulisahau kukiandika. Nina mashaka kwamba hukusahau, na kwamba hilo ni miongoni mwa mambo yanayofanya pongezi za jirani yako zisikupe raha. Yapo mambo katika imani yetu ambayo mtu hawezi kujifanyia, hata awe mcha Mungu kiasi gani. Hakuna anayejibatiza. Hakuna anayejiwekea mikono. Mkate na divai mtu hupewa na mwingine, pamoja na maneno "kwa ajili yako", na thamani ya maneno hayo ni kwamba yanatoka nje ya kichwa chake, siku ambayo kichwa chake mwenyewe kinamwambia kwamba hastahili. Luther, katika dibaji ya Katekisimo Ndogo, alikataza watu wasilazimishwe kwenda mezani, na papo hapo akaandika kwamba asiyeitamani Meza ya Bwana angalau mara tatu au nne kwa mwaka, yafaa kuhofia kwamba anaidharau. Wewe hujaidharau, umeikwepa tu kwa sababu iko ndani ya jengo ulimoaibishwa. Matokeo yake ni yaleyale, kwamba hujala.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na jirani yako kwamba kanisa ni moyo wa mtu na basi. Nitakutajia watu waliolazimika kuishi Ukristo bila kanisa la kwenda kwa muda mrefu kuliko wowote ninaowajua. Serikali ya Japani ilipiga marufuku Ukristo mwaka 1614, ikawafukuza wamisionari na kuwasaka waumini. Katika kipindi cha miaka 30 hivi nchi ikabaki bila padri hata mmoja. Katika vijiji vilivyouzunguka mji wa Nagasaki na visiwa vya Goto, Wakristo waliendelea kwa siri kwa zaidi ya miaka 200, bila jengo na bila Misa. Kisha mwaka 1865 kundi dogo lilimwendea padri Mfaransa, Bernard Petitjean, katika kanisa jipya la Oura na kumjulisha kwamba imani yao na yake ni moja. Wangeweza kabisa kusema kwamba kanisa ni moyo wa kila mtu, kwa kuwa hawakuwa na kingine. Hawakufanya hivyo. Walijipanga kwa makundi, wakamchagua mtu wa kutunza kalenda ya sikukuu na mtu wa kubatiza watoto, wakafundishana sala kwa kukariri, kizazi kwa kizazi. Walinyang'anywa kila kitu isipokuwa wao kwa wao, na sidhani kwamba familia moja moja, kila moja na sebule yake, ingefika 1865.

Sasa nije kwenye usharika wako, maana nisingependa uone kwamba mzigo wote nimeuweka kichwani kwako. Walichokutendea ni kosa, na ni kosa ambalo Maandiko yanalikemea waziwazi. Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, anawakemea wanaompa mwenye pete ya dhahabu mahali pazuri na kumwambia maskini asimame au akae chini. Paulo aliwauliza Wakorintho kama wanalidharau kanisa la Mungu "na kuwatahayarisha hao wasio na kitu". Kusoma madeni ya watu mbele ya watoto wao ni kuwatahayarisha, hata kama kamati ya ujenzi inadaiwa na fundi na saruji imepanda bei. Najua wapo wazee wa kanisa watakaosoma safu hii na kusema kwamba bila kusoma majina watu hawatoi. Inawezekana. Basi wajenge kanisa dogo.

Namna nyingine ipo, na ni ya zamani. Yustino Mfiadini, akiandika Roma katikati ya karne ya pili, ameacha maelezo ya mkutano wa Wakristo wa siku ya Jumapili: wanasoma kumbukumbu za mitume kwa kadiri muda unavyoruhusu, kiongozi anahubiri, wanasimama kuomba, wanashiriki mkate na divai. Baadaye mashemasi wanawapelekea sehemu yao wale ambao hawakufika. Anasema pia kwamba wenye nafasi hutoa kila mmoja anachotaka, na kinachokusanywa hukabidhiwa kiongozi ili awasaidie yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Weka maelezo hayo kando ya barua yako. Katika mkutano ule, aliyekosekana alipelekewa mkate, na mwenye shida alikuwa wa kwanza kufaidika na sadaka. Mwaka mzima umepita na, kwa jinsi ulivyoandika, hakuna aliyebisha hodi kwako kuuliza kama mko hai. Ninaposema kwamba unahitaji watu wa Mungu, sisemi kwamba watu wale wamekuwa watu wa Mungu kwako.

Ule mstari unaojitetea nao ni mstari mzuri, lakini ningependa uusome pamoja na uliotangulia. Fungua Mathayo 18 uanzie aya ya 15. Bwana anazungumzia ndugu aliyekukosea: nenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu, asiposikia, chukua mtu mmoja au wawili pamoja nawe, asiposikia tena, liambie kanisa. Baada ya hapo, katika mazungumzo yaleyale, ndipo anapoahidi kuwapo kati ya wawili watatu. Ahadi hiyo inaifaa ibada yako ya sebuleni, sikunyang'anyi. Lakini kwanza ilitolewa kwa watu waliokosana kanisani na wanaotafuta njia ya kusemezana. Njia hiyo wewe hujaipita. Uliondoka kimya, nao wakakaa kimya, na hadi leo inawezekana mchungaji anaamini kwamba umehama Kimara.

Kwa hiyo ninakushauri uanze na yule mzee wa jumuiya, wewe na yeye, siku ya kazi, nyumbani kwake na si kanisani. Mwulize jambo moja: yale uliyomweleza kuhusu duka na kazi ya mume wako, aliyafikisha kwa nani? Yawezekana aliyafikisha na hayakusikilizwa, au aliona haya kuyafikisha, au alisahau. Kila jibu lina njia yake, na kwa sasa unamhukumu bila kulijua. Ikiwa mazungumzo hayo hayatazaa kitu, nenda kwa mchungaji pamoja na mume wako na mtu mmoja mzima mnayemheshimu. Mweleze kwamba hukukataa kutoa na kwamba unataka ahadi yako iandikwe upya kwa kiasi mnachoweza sasa, hata kama ni kidogo cha kutia aibu. Mwombe pia usomaji wa majina usimamishwe, kwa ajili yako na kwa ajili ya wengine waliosomwa siku ile, ambao nina hakika baadhi yao nao hawajarudi.

Pengine mtu atakusomea Mhubiri, kwamba ni afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Usitishike. Uliahidi kwa nia njema ukiwa na uwezo, uwezo ukaondoka, ukaenda mwenyewe kueleza. Huyo si mtu aliyevunja nadhiri kwa hila. Na Paulo, alipowaandikia Wakorintho mara ya pili kuhusu mchango, alitaka kila mtu atende kama alivyokusudia moyoni mwake, "si kwa huzuni, wala si kwa lazima".

Yote yakishindikana, hama usharika. Nalisema bila wasiwasi wowote, ingawa wapo watakaoliona kuwa ni usaliti. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo Walutheri wa dunia nzima wanalikubali, linasema katika kifungu cha saba kwamba kanisa ni kusanyiko la watakatifu ambamo Injili inafundishwa kwa usafi na sakramenti zinatolewa kama ipasavyo. Kwa maelezo hayo, kanisa lipo pia mwendo mfupi wa daladala kutoka ulipo, na pengine huko hawasomi majina. Nenda kwanza kama mgeni, ketini pamoja na watoto, sikilizeni matangazo yao kwa makini (matangazo hueleza tabia ya usharika upesi kuliko mahubiri), na mkiridhika ombeni barua ya kuhama kwa utaratibu.

Mama yako usimjibu kwa hoja. Swali lake la maziko linasikika kama kitisho cha kizamani, lakini lina historia. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893, na mmoja wa waliowafuata, Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kuondoka kabisa 1938, alishikilia kwamba usharika wa Wachaga usimame juu ya mahusiano waliyokuwa nayo tayari: ukoo, ujirani na rika. Kwa mtu wa umri wa mama yako aliyekulia katika kanisa la namna hiyo, anayeacha kwenda kanisani anaonekana amewaacha watu wake, ambao ndio wanaokesha msibani, wanaochimba kaburi na wanaobaki na yatima. Ukimweleza habari za Mungu kusikika sebuleni, atasikia kwamba hutaki tena watu. Mweleze habari za majina yaliyosomwa. Nadhani hujamweleza, kwa sababu ya aibu ileile, na ninashuku kwamba mwanakwaya wa Machame, binti wa mzee wa kanisa au mkwe wake, atakuwa na la kusema kuhusu jambo hilo, tena pengine kali kuliko langu.

Ibada ya sebuleni usiiache hata siku moja. Mnapoanza tena kwenda kanisani, ihamishieni Jumamosi usiku au Jumapili jioni, na yale mliyoyasikia asubuhi yaleteni hapo yaulizwe maswali. Afrika Mashariki ina mfano wake katika jambo hili. Uamsho uliowaka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na kuingia Tanganyika kupitia Bukoba, ulikuwa uamsho wa walei waliokutana majumbani na chini ya miti kuungama dhambi zao wao kwa wao. Walokole hao waliyaona makanisa yao kuwa yamepoa, wakayasema waziwazi, na wachungaji wengi hawakuwapenda. Mwaka 1941 baadhi ya wanafunzi wa uchungaji walifukuzwa chuoni Mukono, Uganda, kwa sababu hiyo. Hata hivyo wengi wao walikataa kujitenga. Katikati ya wiki walikutana nyumbani, na Jumapili waliketi kwenye mabenchi ya kanisa lilelile walilolilaumu, wakapokea Meza ya Bwana kwa mkono wa mchungaji yuleyule. Wewe umeshapata nusu ya kwanza, ambayo kwa maoni yangu ndiyo ngumu, maana washarika wengi wasiokosa Jumapili hawajawahi kusoma sura moja ya Biblia pamoja na watoto wao.

Umebaki mwanao. Yeye ndiye mwingine aliyesikia jina lile likisomwa, na hajawahi kuzungumza nawe juu yake. Kabla hujampeleka kwa mwalimu wa kipaimara, mketishe umweleze kilichotokea kwa duka, kwa baba yake na kwa ahadi ile, kwa lugha anayoweza kuibeba mtoto wa miaka 13, na umwambie kwamba unakwenda kuonana na wazee. Mafundisho kwa kawaida huchukua miaka miwili. Ni muda mrefu kukaa darasani ukijiuliza kama wenzako wanalijua deni la mama yako. Kisha chukua cheti chake cha ubatizo umwandikishe mapema, kabla ya Desemba ambapo kila mtu anasafiri, iwe hapo au katika usharika mtakaohamia. Ukiambiwa kwamba hataandikishwa hadi ahadi ya ujenzi ikamilike, usibishane na mtu wa ofisini. Omba uandikiwe hivyo kwenye karatasi yenye muhuri wa usharika, na karatasi hiyo uipeleke kwa mkuu wa jimbo.